Mpira Ukigusa Dera

Kanuni za rede yetu niliziandika mimi. Nalisema hilo mapema kwa sababu ugomvi wa siku ile ulitoka kwenye maneno yangu mwenyewe, na sitaki mtu adhani nasimulia makosa ya mwenzangu.

Rede tuliicheza sote tukiwa wasichana. Warushaji wawili wanasimama kwenye mistari miwili inayotazamana, na kati yao anakaa mchezaji mmoja wa upande wa pili akiwa na chupa tupu. Anachota mchanga kwa mikono na kujaza chupa, huku akikwepa mpira wa soksi unaorushwa mara kutoka mbele, mara kutoka nyuma. Akiijaza, upande wake umepata chupa moja. Mpira ukimgusa kabla haijajaa, ametoka, mchanga unamwagwa na mwenzake anaingia.

Sisi wanawake wa kambini, nje kidogo ya Kwashemshi, tuliirudia rede wengine wetu wakiwa tayari na wajukuu. Muuguzi wa zahanati alituambia wenye presha na sukari tutembee kila jioni. Efrazia, jirani yangu, akasema kutembea bila mahali pa kwenda ni kazi ya mbwa, afadhali turudi kwenye rede. Tulicheka, lakini wiki hiyo hiyo tukabeba mchanga kwa ndoo kutoka mtoni na kuumwaga kwenye uwanja wa zamani wa kuanikia mkonge. Babu zetu waliletwa hapo kukata mkonge. Sisi tumebaki tunalima mahindi na mbaazi.

Mwanzoni tulikuwa na mwamuzi, naye alikuwa Richard, mume wa Efrazia. Kila mara mkewe alipoguswa na mpira, Richard alikuwa anatazama milima. Baada ya wiki tatu tukamshukuru kwa kazi yake, na tukakubaliana kwamba hatutaki mwamuzi tena. Tutaamua wenyewe. Ndipo ikaonekana lazima tuwe na kanuni kwenye karatasi.

Nilichaguliwa katibu kwa sababu moja tu, kwamba nilikuwa natembea na daftari. Shule niliiacha darasa la tatu. Mwaka ule nilikuwa nimeanza darasa la jioni kwa mwalimu Habakuki, siku tatu kwa wiki, na mbali na zoezi la darasani sikuwa nimewahi kuandika kitu cha kusomwa na watu. Niliomba kabla ya kuandika, kama ninavyoomba kabla ya kuwasha jiko. Zikatoka kanuni saba. Ya nne ilisema hivi: "Mpira ukimgusa mchezaji, ametoka. Aliyeguswa ndiye atakayesema."

Sentensi ya pili niliifikiria sana. Tulikuwa tumechoka na watu wa kando kupiga kelele kwamba fulani ameguswa. Nikaona anayejua kwa hakika ni mmoja, yule mwenye mwili, na Mungu anayemwona. Wenzangu waliipokea. Tulicheza nayo mwaka mzima bila neno, na mimi nikadhani nimeandika vizuri.

Sasa niwaeleze kuhusu mdogo wangu, maana bila yeye ugomvi ule ungekuwa wa mchezo tu.

Mdogo wangu alibatizwa Evodia. Miaka kumi na moja iliyopita aliolewa Sindeni, upande wa Handeni, kwa mkulima Muislamu aitwaye Ukasha. Akasilimu, akaitwa Hajira, akaanza kuvaa madera na kujitanda mtandio. Mama yetu, Yuditha, hakwenda harusini. Mimi nilikwenda, na ingekuwa heri kama nisingekwenda, kwa sababu nilimwambia neno baya mbele ya wakwe zake. Nilimwambia amejificha ndani ya guo mpaka mama yake mzazi hawezi kumwona. Alishika tu kitambaa cha begani kwake, akakivuta vizuri, akaenda kuwaandalia wageni chai.

Tangu hapo tulikuwa tunasalimiana kwa simu, siku za misiba na za sikukuu. Mama hata simu hakupokea.

Rede ndiyo iliyotukutanisha. Wanawake wa Sindeni nao walikuwa wanacheza, wakiongozwa na mama mkwe wake Hajira, tunayemwita mama Ukasha, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Walisikia habari zetu sokoni Korogwe, wakatualika. Tukaenda mara mbili, tukacheza kwa kanuni za wenyeji. Mara ya kwanza Hajira na mimi tulicheza bila kuzungumza. Mara ya pili alinifungia maembe matatu ya kumpelekea mama. Mama aliyala. Aliyala yote matatu.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, na ilikuwa zamu ya Sindeni kuja kwetu. Hajira alikuwa hajakanyaga kambini tangu aolewe. Waliposhuka kwenye Noah mbili walizokodi, alikwenda moja kwa moja kwa mama, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda mwisho wa uwanja akichambua mbaazi. Akapiga magoti, akasema shikamoo mama. Mama akajibu marahaba, akaendelea na mbaazi zake. Ilikuwa hivyo tu. Lakini hakuinuka kwenda ndani, na mimi nilimshukuru Mungu kwa kile kigoda.

Tulicheza kuanzia saa tisa. Kila upande ulikuwa na wachezaji watano. Sisi tuliingia kwanza, tukajaza chupa tatu. Sindeni nao wakajaza tatu, wakabakiwa na mchezaji mmoja. Mchezaji huyo alikuwa Hajira. Akijaza, Sindeni wameshinda. Akiguswa, ni sare.

Warushaji tulikuwa mimi na Efrazia. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza kushuka kutoka milimani, ule unaopeperusha vumbi la uwanja, na dera la Hajira lilikuwa linajaa upepo kila anapogeuka. Alikuwa mwepesi. Anachota, anakwepa, anamimina, anakwepa. Chupa ilikuwa imefika nusu niliporusha mpira wa chini. Aliruka pembeni, mpira ukapita, na kwa macho yangu nikaona pindo la dera limetikisika.

"Umeguswa," nikasema.

Neno lilitoka kabla sijalifikiria. Hajira alisimama, chupa mkononi. Akasema hakuguswa. Efrazia, upande wa pili, akasema ameona wazi mpira umepiga nguo. Mama Ukasha akaingia uwanjani kwa hatua ndefu na kuuliza tangu lini nguo ikawa mtu.

"Nguo uliyovaa ni wewe," Efrazia akamjibu. "Polisi akikukamata shati, utamwambia amekamata shati peke yake?"

"Na nikianika dera langu kambani, mpira ukaligonga, nimetoka mimi niliye jikoni?"

"La kambani halina mtu ndani, mama Ukasha."

"Kumbe anayetafutwa ni mtu. Basi mpira umtafute mtu."

Watu walicheka kidogo, lakini kicheko hakikudumu. Wa kwetu walisogea upande wa Efrazia, wa Sindeni wakasogea upande wa mama Ukasha. Mtu akasema daftari liletwe. Nikalileta. Efrazia akaisoma kanuni ya nne kwa sauti, kisha akanigeukia.

"Katibu, wewe ndiye uliyeandika. Ukisema mchezaji, nguo imo au haimo?"

Nilitazama mwandiko wangu. Ukweli ni kwamba sikuwa nimefikiria. Nilipoandika, wachezaji wote tulikuwa wa kambini, na sisi tukicheza tunafunga kanga kiunoni kwa nguvu juu ya sketi, nguo na mwili vinakuwa kitu kimoja. Haikunijia akilini kwamba atacheza mtu aliyevaa dera. Niliandika kwa kuwatazama waliokuwepo.

Nikawaambia hivyo hivyo, kwamba sikufikiria. Niliona aibu kusema. Efrazia akasema kama katibu hakufikiria, basi tufuate ilivyoandikwa. Mchezaji ni mchezaji na alichovaa. Mama Ukasha akasema ikiwa hivyo, wao wote watano wamekuja kucheza wakiwa wameshafungwa, kwa sababu mwenye dera ana upana mara mbili ya mwenye sketi. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Niliona hata wa kwetu wawili wanatikisa vichwa kukubali.

Ndipo Efrazia akasema neno ambalo naamini alilijutia kabla hajalimaliza. "Basi wavae kama sisi."

Hajira aliinama, akaiweka chupa chini kwa utaratibu ili isimwagike. Akakung'uta mchanga mikononi. Kisha akatoka katikati ya uwanja kuelekea kwenye mti wa mlonge tulikokuwa tumeweka mikoba, na nilipomwona anavuta mtandio wake begani, mkono ule ule, kwa namna ile ile, nikaikumbuka siku ya harusi yake. Nilijua akiondoka sasa, kwa ajili ya nguo, hatarudi kambini. Atanipigia simu siku za misiba. Na mama atabaki na mbaazi zake.

Sikuwa na maombi marefu. Nilisema moyoni, Bwana, nionyeshe. Nikatazama tena daftari, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuwa mikononi mwangu.

Mwalimu Habakuki ana desturi moja. Mtu akikwama kwenye sentensi, humwambia asiitazame hiyo, asome inayofuata. Efrazia alikuwa ameisoma kanuni yote, lakini ugomvi wote ulikuwa juu ya nusu ya kwanza. Nilisoma nusu ya pili. Nikaisoma tena.

"Hajira, ngoja," nikasema. "Ngojeni wote. Kosa ni langu."

Alisimama, lakini hakugeuka.

Nikasoma kwa sauti: "Aliyeguswa ndiye atakayesema." Nikawaeleza kwamba kwa kanuni hii mrushaji hana ruhusa ya kusema fulani ameguswa. Mimi nilikuwa mrushaji. Kwa hiyo mtu wa kwanza kabisa kuivunja kanuni siku hiyo ni mimi niliyeiandika, na ugomvi wote uliofuata haukupaswa kuwepo.

"Hilo tumelisikia," Efrazia akasema. "Lakini nguo?"

Nikamwambia nguo nayo imejibiwa hapo hapo. Kama anayesema ni aliyeguswa, atasemaje jambo ambalo hakulihisi? Mpira ukipiga nguo akauhisi mwilini, ameguswa, awe na dera au sketi. Ukipita kwenye pindo lililo mbali na mguu, asihisi kitu, hana la kusema, na sisi tulio kando hatuwezi kumsemea. Kanuni haiulizi mpira umegonga nini. Inamuuliza mtu amehisi nini.

Mama Ukasha alikunja mikono kifuani, akaniangalia kama mtu anayeonja mchuzi. "Hapo umesema," akasema.

Efrazia hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Naye aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo. "Na kama amehisi akanyamaza?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwamba hilo atajuana na Mungu wake. Lakini sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilitoka mwisho wa uwanja, kwenye kigoda.

"Nani, huyu?" Mama alisema. Alikuwa ameacha kuchambua. "Huyu hawezi. Akivunja chungu, kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshanifuata njiani kuniambia. Huyu dada yake, Yusta, ndiye aliyekuwa anaficha vigae."

Watu waliangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote, maana ilikuwa kweli. Vigae nilikuwa navifukia nyuma ya choo. Hajira aligeuka. Alimtazama mama, na mama akamtazama, na hakuna aliyetazama chini.

"Basi muulizeni mwenyewe," mama akasema, akarudisha mkono kwenye ungo.

Nikamuuliza. "Mdogo wangu, ulihisi mpira?"

"Sikuhisi," Hajira akasema. "Nilisikia sauti yako tu."

Efrazia akaitazama chupa, akamtazama Hajira, akashusha pumzi. Akasema yeye haoni tatizo tena, na kuhusu lile neno lake la mavazi, anaomba lichukuliwe kama halikusemwa. Kisha akaongeza kwamba hata hivyo dera lile ni zuri, lilinunuliwa wapi. Mama Ukasha akamwambia aache kujipendekeza, arudi kwenye mstari wake.

Hajira alirudi katikati. Akachuchumaa, akachota mchanga. Mimi niliokota mpira, nikarusha, na mpira ukapita mbali naye hatua nzima. Nikarusha wa pili, ukaenda kama unapelekwa na upepo. Chupa ilikuwa inakaribia shingo. Sikukusudia kumpendelea, nasema kweli mbele za Mungu, lakini mkono ulikuwa umejaa huruma.

Akasimama, akaninyooshea kidole chenye mchanga.

"Dada, rusha sawasawa. Sikutoka Sindeni kuja kubembelezwa."

"Nakurushia."

"Hunirushii. Unanipungia."

Wa Sindeni walipiga vigelegele, wa kwetu wakanizomea. Nikafunga kanga yangu upya. Nikamngoja Efrazia arushe kwanza, Hajira akakwepa akanigeuzia mgongo, na hapo nikarusha kama nilivyokuwa narusha nikiwa na miaka kumi na mitano, wakati yeye alikuwa mdogo wa kulialia kwamba namwonea.

Mpira ulimpata katikati ya mgongo. Ulitoa mlio uliosikika mpaka kwenye kigoda.

Watu walikuwa wanamngoja aseme, kama kanuni inavyotaka. Hajira alibaki amechuchumaa, mabega yakitikisika, na kwa dakika moja niliogopa kwamba analia. Kisha akaketi kabisa mchangani, akiwa na chupa mapajani, na kicheko kikamtoka mpaka mtandio ukateleza.

"Nimeguswa," akasema, akifuta macho. "Huo hata Ukasha kauhisi huko Handeni."

Ikawa sare, tatu kwa tatu. Sijawahi kuona watu wanaifurahia sare namna ile. Mama Ukasha alimwinua mkwewe, akamkung'uta mchanga mgongoni, na kila alipokung'uta alikuwa anauliza kwa sauti kama hapo pia amehisi. Efrazia alitaka kanuni ya nne iandikwe upya, iongezewe maneno ya kuhisi. Mama Ukasha akasema iachwe kama ilivyo, kwa sababu ukianza kuandika kila kitu utafika kwenye vifungo na pini. Tulipiga kura kwa mikono. Ikaachwa.

Jua lilikuwa bado liko juu ya milima tulipokaa kula. Tuliandaa wali na maharage kwa wageni wote, tukatandika mikeka kwenye kivuli cha ghala bovu. Wa Sindeni walikwenda kusali alasiri nyuma ya nyumba ya Efrazia, ambaye mwenyewe aliwachotea maji ya kutawadha. Walipokuwa huko nikakaa peke yangu kidogo, nikamshukuru Mungu bila kutafuta maneno.

Hajira aliporudi, alikaa kwenye mkeka wetu. Mama alikuwa ameingia ndani. Nikaona mdogo wangu anatazama mlango, anatazama sahani yake, anatazama tena mlango, na mimi nikaanza kuhesabu dakika. Nilifikiri labda yale maneno ya uwanjani yamemtosha mama kwa siku moja. Nilikuwa tayari kuridhika nayo.

Mama alitoka na sufuria iliyofunikwa kwa sahani. Alipita mikeka ya watu wote, akaja kwetu, akaiweka mbele ya Hajira. Ndani yake alikuwamo jogoo wa mchuzi wa nazi. Jogoo yule nilimfahamu. Asubuhi na mapema nilimkosa kwenye banda, nikadhani ameibwa, na mama alipoona namtafuta alininyamazia.

Hajira aliutazama mchuzi, hakunyoosha mkono. Nilimwelewa. Katika nyumba ya mama, tangu baba yetu afe, kuku huchinjwa na mama mwenyewe, na Hajira sasa ni Muislamu. Hakutaka kuuliza, na hakutaka kukataa. Mama naye alibaki amesimama, mikono akiipangusa kwenye kanga, na ikawa kama kila mmoja anamngoja mwenzake.

"Kula," mama akasema. "Kachinja mzee Sadala. Nilimpelekea asubuhi, kabla ya jua, kabla hamjafika."

Mzee Sadala ndiye anayewachinjia Waislamu wa kambini, na nyumba yake iko ng'ambo ya korongo, mbali kwa miguu ya mama. Hajira alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi. Mama hakwenda popote. Alivuta mkeka kidogo kwa mguu, akaketi.

"Chumvi imekolea?" akauliza.

"Imekolea, mama," Hajira akasema, na tonge likiwa bado mdomoni.